Kabla Mtoto Hajapanda Ndege

Wazazi wa Kibaha na Kisarawe, leo tuzungumze na wenye watoto wanaoomba nafasi za kusoma nje mwaka mmoja, kama mpango wa YES ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002, ambapo mwanafunzi wa sekondari huishi na familia mwenyeji.

Anzeni na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kinahitajika kwenye maombi ya pasipoti. Kisomeni herufi kwa herufi. Cheti kikisema Mwanahamisi na shule imeandika Mwanahamis, rekebisheni sasa, msingoje wiki ya safari.

Halafu saa. Saa mbili yetu ya asubuhi, wenzetu wa nje huiita saa nane. Mtoto akiambiwa basi la shule linapita saa saba, ajue ni saa moja yetu. Mzoezeni hapahapa nyumbani.

Na hili linanigusa sana: wapo vijana wanaoona haya kusema "sili nguruwe" au "nimefunga", wakashinda na njaa kimyakimya. Mwanangu, sema siku ya kwanza, kwa adabu. Mwenyeji wako hatakasirika, atashukuru.

Wazazi, jioni ya leo kitoeni kile cheti kabatini, mkisome pamoja na mtoto.