Somo la Kupiga Picha: Taa za Neoni Usiku

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, shika kalamu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Katika masomo yaliyotangulia tulipiga picha mchana, na jua ndilo lililokuwa taa yetu. Leo tutatoka usiku, tena tutakwenda mbali, mpaka Hong Kong, katika nchi ya China. Huenda ukauliza, "Hong Kong yanihusu nini mimi?" Swali zuri. Katika barabara iitwayo Nathan Road lipo jengo kubwa, Chungking Mansions, lililojengwa mwaka 1961. Wafanyabiashara wengi wa Afrika ya Mashariki wamelala humo walipokwenda kununua simu na bidhaa nyingine. Labda ndugu yako ni mmoja wao. Basi barabara hiyo ndiyo iliyokuwa na sifa duniani kwa mabango ya taa za neoni, na mabango hayo sasa yanatoweka.

Kwanza tujue, neoni ni kitu gani? Ni hewa. Iligunduliwa mjini London mwaka 1898 na mabwana wawili, William Ramsay na Morris Travers. Mwaka 1910, Mfaransa Georges Claude aliwaonyesha watu wa Paris taa iliyotumia hewa hiyo. Kazi yake ni hivi: fundi huchukua bomba la kioo, hulipasha moto mpaka lilainike, kisha hulikunja kufuata herufi iliyochorwa. Hutoa hewa ya kawaida iliyomo, hutia neoni kidogo, huziba. Umeme wenye nguvu nyingi ukipita ndani, neoni hung'aa kwa rangi nyekundu yenye uchungwa. Kwa rangi ya buluu hutumika hewa nyingine, arigoni, pamoja na zebaki kidogo. Rangi nyingine hupatikana kwa kupaka unga maalumu ndani ya bomba, au kwa kutumia kioo chenye rangi. Kila herufi imekunjwa kwa mkono wa mtu, wala hakuna mbili zilizo sawa kabisa.

Basi kwa nini yanatoweka? Sababu ni tatu. Mosi, taa mpya za LED ni rahisi na hula umeme kidogo. Pili, mabango mengi yalitundikwa juu ya barabara bila kibali. Tangu mwaka 2013 serikali ya Hong Kong imekuwa na utaratibu wa kuyakagua, na yasiyotimiza sheria huamriwa kushushwa. Tusiilaumu serikali upesi. Chuma kilichooza kikimwangukia mpita njia ni msiba. Tatu, mafundi wa kukunja kioo wamezeeka, na vijana wanaojifunza kazi hiyo ni wachache.

Machache yameokolewa. Bango la ng'ombe wa neoni lililotundikwa nje ya mkahawa mmoja wa Queen's Road West lilishushwa mwaka 2015, likachukuliwa na jumba la makumbusho la M+, lililofunguliwa mwaka 2021. Lakini jumba moja haliwezi kumeza mji mzima. Mengine yatabaki katika picha tu, kama picha ipo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nilikosea mwenyewe. Nilisimama mbele ya bango la duka la rehani. Huko maduka hayo hutumia umbo la popo aliyeshika sarafu, kwa kuwa katika Kichina jina la popo lafanana kwa sauti na neno la baraka. Nikaifuata kamera yangu ilivyonipimia mwanga, nikapiga, nikaondoka nimeridhika. Filamu iliposafishwa nikaona herufi nyeupe tupu, popo hana rangi, kama mtu aliyemwagiwa chokaa. Nikasema, "Si neno, nitarudi." Nikarudi mwaka uliofuata. Popo hakuwapo. Pale ukutani palibaki vyuma vinne vyenye kutu.

Kosa langu lilikuwa nini? Kipimo cha kamera hutazama picha yote. Usiku picha yote ni giza, hivyo kipimo hudhani mwanga ni mdogo, nacho huagiza filamu ipewe mwanga mwingi. Bango lenyewe ni taa, kwa hiyo huungua. Dawa yake ni hii: lijongelee bango mpaka lijaze kioo cha kamera, pima hapo, kisha rudi nyuma upige kwa kipimo hichohicho. Kama huwezi kulikaribia, andika hesabu hii:

Kwa filamu ya kasi 400, fungua kilango cha kamera kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ukitaka rangi za bango, weka kitundu cha lenzi katika namba 8. Ukitaka watu na maduka ya chini yaonekane, weka namba 4. Ukitaka vyote viwili kwa kiasi, weka 5.6. Basi piga zote tatu. Filamu ni ghali, najua. Lakini bango likishashushwa halinunuliki.

Kwa nini nasema sehemu moja ya 30, si upesi zaidi? Kwa sababu umeme wa Hong Kong huifanya taa ipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kilango kinachofunguka upesi mno chaweza kuiona taa ikiwa imefifia. Lakini kwa mwendo huo wa polepole mkono hutikisika. Tumia stendi ya miguu mitatu. Kama njia ni nyembamba na utawazuia watu, egemea nguzo, vuta pumzi, bonyeza taratibu. Wala usishuke barabarani! Mabasi ya ghorofa ya mji ule hayamngoji mpiga picha.

Saa gani inafaa? Si usiku wa manane. Nenda jua likishakuchwa, katika ile nusu saa ambayo mbingu bado ni ya buluu. Hapo utaona bango pamoja na ukuta unaolishika. Giza likiwa totoro, herufi huelea hewani na mtazamaji hajui zilikuwa wapi. Mvua ikikatika, toka mbio. Lami iliyolowa hukupa bango la pili chini ya miguu yako.

Kuhusu filamu, tumia ya rangi ya kawaida inayotoa negativu, kwa maana husamehe makosa madogo. Ziko filamu za sinema zilizoondolewa utando wao mweusi wa nyuma, nazo huizungushia kila taa duara jekundu. Wengine hulipenda duara hilo. Lakini kama nia yako ni kuhifadhi habari, liache, maana huongeza rangi ambayo fundi hakuitia.

Mwisho, daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila bango piga picha tatu: ya kwanza ya mbali, ionyeshe mtaa, ya pili ya bango zima, ya tatu ya karibu, ionyeshe kioo kilivyokunjwa. Andika tarehe, jina la mtaa, namba ya nyumba na biashara iliyomo. Ingia dukani, msalimu mzee kwa adabu, umwombe ruhusa, umwulize bango lilitundikwa lini na nani. Picha isiyo na maneno hayo, baada ya miaka 30 itakuwa taa nyekundu tu, isiyo na mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini kipimo cha kamera hudanganyika usiku?
2. Kuna hasara gani kupiga picha ya bango giza likiwa totoro?
3. Katika mji wenu, ni bango gani lililoandikwa kwa mkono wa fundi ambalo linakaribia kuondolewa? Nani kati yenu atalipiga picha, na siku gani?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo. Lijibuni kwa kamera, kabla ya somo lijalo. Mimi nilisema "nitarudi". Ninyi msiseme hivyo. Kwaherini.