Wewe ni wa Nani? Sheria na Neema katika Kumbukumbu za Kilwa na Lindi



Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Mji ulikuwa chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye wanahistoria wanamhesabu kuwa mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa, lile ambalo magofu yake bado yanatazama bahari pale Kisiwani. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja Sultani alikuwa akitoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni akamsimamisha na kumwomba yale mavazi aliyoyavaa mwilini. Sultani alikubali. Fakiri akayataka saa ile ile. Mfalme akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akamwachia maskini yule mavazi yake. Fakiri akayafunga, akajitwika kichwani, akaenda zake. Baadaye mwana wa Sultani, mrithi wa kiti, aliyachukua tena mavazi yale na badala yake akampa fakiri watumwa kumi. Sultani naye, aliposikia watu wanavyolisifu tendo lile, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hakiishii hapo. Sultani alipofariki, nduguye Daud alishika kiti, na mkono wake ulikuwa mzito. Mwombaji akimjia, humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Naomba mambo mawili katika kisa hiki tuyaweke moyoni hadi mwisho wa mhadhara: wale watumwa ishirini, na lile jibu la Daud.

Maneno yenyewe

Sheria na neema ni maneno yaliyotufikia kwa lugha ya Kiarabu, yakakaa pwani hii karne nyingi kabla ya Askofu Edward Steere na wenzake kuanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili kule Unguja. Kwa hiyo Wakristo tuliyakuta maneno haya yamekwisha kulelewa katika nyumba ya Uislamu, na ni vema tukiri deni hilo mbele ya masheikh wetu waliokubali kuketi nasi jioni hii. Sikuja kusema kwamba jirani zetu wana sheria na sisi tuna neema. Mwislamu hufungua kisomo chake kwa jina la Mungu mwenye kurehemu. Swali ninalolileta ni la ndani ya Kanisa: Mkristo anasimama mbele ya Mungu kwa kitu gani, na kwa kitu hicho hicho anasimamaje mbele ya jirani yake?

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa hahitaji mwanateolojia amweleze neema. Mvua ikinyesha kwa wakati wake na mikorosho ikachanua, husema huu ni mwaka wa neema. Alilima, alipalilia, alipulizia dawa. Lakini mvua hakuitengeneza yeye. Neno lilikuwa na maana hiyo kabla hatujalipeleka mimbarani: jema kubwa linalotoka nje ya uwezo wa anayelipokea.

Nguvu ya sheria na mwisho wake

Tuanze kwa kuiheshimu sheria, maana anayeidharau hajawahi kuishi pasipokuwa nayo. Historia ya Kilwa inatufundisha hilo kwa uchungu.

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Bei iliandikwa, na haki ya Sultani kwa kila kichwa iliandikwa pia. Yalikuwa maandishi halali ya wakati wake. Hapo tunaona jambo la kwanza: sheria inaweza kugeuzwa kuwa daftari la dhambi, ikapanga uovu kwa safu na kuutia sahihi.

Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo kwa bara la kusini. Watu waliswagwa kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi ufukweni. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yao. Ilikuwa sheria njema. Nini kilitokea? Wafanyabiashara waliacha jahazi wakashika njia ya nchi kavu. Misafara iliyokuwa ikipandishwa vyomboni Kivinje ikatembezwa kwa miguu kuelekea kaskazini, na walioshindwa kutembea walifia njiani. Aprili 1876 Barghash alilazimika kutoa amri nyingine ya kuzuia misafara hiyo.

Ndivyo anavyosema Paulo katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi: torati ni takatifu na amri ni njema, lakini dhambi ilipata nafasi kwa amri ile ile. Hilo ndilo jambo la pili: sheria iliziba bahari, tamaa ikatafuta njia ya porini. Sheria inaweza kuushika mkono. Haina pa kuushikia moyo.

Bado kuna jambo la tatu. Wajerumani walipotawala walitoa hati za uhuru kwa mtumwa mmoja mmoja, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tumshukuru Mungu kwa sheria hiyo. Lakini tujiulize, aliyeamka siku ile akiwa huru alikuwa nani? Pwani yetu ina swali moja ambalo mgeni hawezi kulikwepa: wewe ni wa nani? Muungwana hujibu kwa kutaja baba, babu na ukoo. Mtumwa alijibu kwa kumtaja bwana wake. Aliyekombolewa alikuwa na hati mkononi, na swali likamkuta hana jibu. Sheria ilikuwa imemwambia kweli yote iliyo katika uwezo wake: wewe si wa mtu. Hilo ni tamko kubwa, lakini ni tamko la upweke.

Hisani inayolipwa na mwingine

Turudi kwa watumwa ishirini wa Baba wa Vipawa. Fakiri alipata, mrithi alisifiwa, Sultani alisifiwa zaidi. Gharama ilibebwa na watu ishirini ambao hakuna aliyeandika majina yao. Simlaumu Sultani peke yake. Ndivyo wafalme wa dunia yote walivyotoa zama zile. Nasema tu kwamba ukarimu wa aina hii, hata ukiwa wa dhati, humtoa mtu mwingine kuwa zawadi. Vazi tu ndilo lililokuwa lake mwenyewe, nalo ndilo lililorudishwa.

Leo hii hisani ya namna hiyo haijatutoka. Wakulima wa korosho wa Lindi na Mtwara wanaijua kangomba. Njaa inapobisha kabla ya mavuno, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, hutokea mtu mwenye fedha na uso wa huruma. Anatoa leo, na msimu ukifika anachukua korosho kwa bei ya kutupa. Mkulima humwita mfadhili siku ya kwanza, na siku ya mavuno huona kwamba alilipa yeye mwenyewe, tena mara kadhaa. Waumini wengi wanamfikiria Mungu kwa sura ya mtu huyo: ametoa, lakini atakuja kudai, amesamehe, lakini daftari analo. Wanaimba habari za neema huku wakiishi kama wenye kangomba na Mbinguni.

Injili inasema habari nyingine. Mtoaji hakuchukua mtu wa kumtoa badala yake. Alivua utukufu wake mwenyewe, akatwaa namna ya mtumwa, kama Paulo anavyowaandikia Wafilipi, na vazi lake halikurudishwa: askari walilipigia kura chini ya msalaba. Hapa ndipo jibu la Daud linapoanguka. Kwa Daud, mtoaji amekufa, basi hakuna tena cha kutoa. Kwa imani ya Kikristo, mtoaji amekufa, na kwa kufa kwake ndipo kipawa kilipotolewa kwa wote. Naye amefufuka, wala mlango haujafungwa. Tofauti ya sheria na neema ninaiona hapo. Sheria hunionyesha deni langu kwa uaminifu. Neema ni Mdai mwenyewe kulibeba.

Onesimo na Majaliwa

Katika Agano Jipya kuna barua fupi ambayo watu wa Kilwa wangeielewa kuliko wengi. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake, akakutana na Paulo kifungoni na kuamini. Paulo anamrudisha na barua. Anaomba apokewe zaidi ya mtumwa, apokewe kama ndugu mpendwa. Na kama kuna deni, Paulo anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulilipa. Paulo alijua sheria ilimpa Filemoni haki gani. Akamwomba asiitumie.

Mwaka 1876, miaka 100 kamili baada ya mkataba wa Morice, Askofu Steere alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha pande za Nyasa walikotoka. Walifika Masasi, wakaiona nchi ni njema, wakajenga. Njia ile ile ambayo watu waliteremshwa wakiwa wamefungwa, sasa ilipandwa na watu huru. Haikuwa paradiso: mwaka 1882 Wamagwangwara, kundi la Wangoni, waliishambulia Masasi, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka.

Katika kizazi hicho alikuwemo Myao mmoja, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni. Alikombolewa, akasomeshwa Unguja, na mwaka 1890 akawa padri Mwafrika wa kwanza wa misheni ya Steere, ile iliyoitwa ya Vyuo Vikuu. Alihudumu Chitangali, kati ya Wayao wenzake. Msikilize jina lake: Majaliwa, yaani yale ambayo Mungu amejalia. Aliyeuzwa kama bidhaa alisimama madhabahuni akawagawia watu mkate pasipo bei. Sheria ilimwambia si wa mtu. Neema ilimwambia: wewe ni wetu.

Baina yetu wajoli

Najua hofu ya wachungaji: tukihubiri neema tu, watu watalegea. Paulo alikutana na hofu hiyo na akaikataa. Katika Wagalatia anaifananisha torati na mtumishi aliyemshika mtoto mkono kumpeleka kwa mwalimu. Anayemfikisha mtoto mlangoni amefanya kazi ya heshima, ila hawezi kuingia akafundisha. Aliyependwa bure hujifunza kutii kama mwana; anayetishwa hutii mpaka msimamizi ageuke.

Lakini tuitazame hali yetu. Kuna waumini ambao maziko yao yamegeuka mjadala wa kadi ya michango. Kuna binti aliyepata mimba akatengwa mbele ya kusanyiko lote, na kijana mhusika akaendelea kuimba kwaya. Pale tunakuwa tumemrudisha Onesimo sokoni.

Tafsiri ya Kiswahili ya Mathayo 18 inatumia neno zito la pwani: mjoli, yaani mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alimkaba koo mjoli wake kwa dinari 100. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi alisamehewa dinari milioni 60, akashindwa kusamehe 100. Hakuvunja sheria alipodai. Deni lilikuwa halali. Kosa lake lilikuwa kusahau alikotoka.

Ndugu zangu, sheria tuitunze: dhidi ya kangomba, dhidi ya usafirishaji wa watu, dhidi ya anayemwonea mnyonge. Bila sheria njema mnyonge hana ngome. Lakini ndani ya Kanisa, mtu akija ameanguka, tusianze na daftari. Tumwulize swali la wazee wetu, wewe ni wa nani? Naye akikosa jibu, tulijibu sisi kwa niaba yake, kwa sauti, mbele ya watu wote: huyu ni wetu.