Kipandauso na Zamu ya Bani
Mada kwa wahudumu wa afya ya jamii, Urambo

Naomba tuanzie kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku; kichwa tutakifikia. Tumbaku ikishapangwa bani, moto hauzimwi usiku wala mchana mpaka uti wa jani ukauke, na hiyo ni kazi ya karibu wiki nzima. Anayechochea kuni halali. Kukosa usingizi, kupitisha mlo na mawazo ni mambo yanayojulikana kuamsha kipandauso. Msimu wa kukausha unayaleta yote matatu pamoja.

Shambulio hudumu saa 4 hadi 72. Mgonjwa hutapika, huchukia mwanga na kelele. Likipita, anaonekana mzima kabisa, na masengenyo huanzia hapo. Juzi alijifungia ndani, dirisha limezibwa kwa kanga. Leo yuko kisimani. Wapo watakaomwita mvivu, wapo watakaosema ana mashetani. Akiyasikia hayo mara mbili tatu, hasemi tena. Pengine na sifa ya babu zetu wapagazi, waliobeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo, inatufanya tuone aibu kulalamikia kichwa. Hilo ni wazo langu tu.

Basi ananunua vidonge dukani. Anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kupata maumivu mengine yanayoletwa na dawa yenyewe. (Tusisahau pia kwamba mchumaji wa majani mabichi yenye umande hupenywa na nikotini kwenye ngozi; naye huumwa kichwa na kutapika. Muulize alikuwa anachuma lini.)

Linalonisumbua zaidi ni siku ambazo kichwa hakiumi. Mgonjwa anaogopa kuahidi. Hajiungi na kikundi cha kuweka akiba kwa sababu hajui kama Jumamosi atakuwa amesimama. Msiba wa jirani unampita, na hapa kwetu asiyeonekana msibani huulizwa kwa macho siku atakapofiwa yeye. Upweke huo hauandikwi kwenye kadi ya kliniki, ingawa sonona na wasiwasi huandamana na kipandauso mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo swali la "kinauma kiasi gani?" halitoshi. Kipo kipimo kinachotumika duniani ambacho huuliza siku: katika miezi 3 iliyopita, ni siku ngapi hukufanya kazi, ni siku ngapi ulifanya nusu au chini ya hapo, ni siku ngapi ulikosa shughuli za watu? Hakihitaji mashine.

Mama mmoja asiyejua kuandika nilimwomba atie punje ya mahindi kwenye kikombe kila siku ya namna hiyo. Aliporudi alikuja na mumewe. Mume ndiye aliyezimwaga mezani, akahesabu mpaka 23, akarudia kuhesabu. Kisha akaniuliza kama kijana wao wa kiume, wa miaka 19, anaweza kushika zamu ya usiku.