Wimbo Ambao Mwenyewe Aliufuta



Machi 2019, mwimbaji wa rege Buju Banton alikuwa na miezi mitatu hivi tangu arudi Jamaika kutoka gereza la Marekani. Umati ulijaza uwanja wa taifa wa Kingston kumlaki jukwaani. Mwezi huohuo alitoa taarifa kuhusu "Boom Bye Bye", wimbo uliotoka mwaka 1992 ambao aliutunga angali kijana mdogo. Alisema aliacha kuuimba zamani, kwamba ameuondoa katika kila jukwaa lililo chini ya uwezo wake, na kwamba anatambua maumivu uliyowaletea watu. Wimbo wenyewe unashangilia wanaume wanaopenda wanaume wenzao wapigwe risasi.

Nimeuchagua kwa mhadhara wa leo kwa sababu ya hayo maneno: chini ya uwezo wake. Barabara ya Embu kwenda Meru haiko chini ya uwezo wa Buju Banton. Panda matatu hapa stendi ya Embu, upite Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi Makutano ya Meru, na rege itakusindikiza njia nzima. Probox zinazoteremsha muguka kutoka Mbeere na Hilux zinazokimbiza miraa kutoka Maua usiku hubeba muziki huohuo. Nyimbo zenyewe hutoka katika miksi za madijei, zilizonakiliwa kutoka kaseti hadi sidii, kutoka sidii hadi flashi, kutoka flashi hadi simu. Msanii akiuondoa wimbo wake kwenye mtandao, miksi ya miaka 20 iliyopita haisikii habari hiyo.

Dai langu ni hili. Maneno ya kuua yalipopunguzwa katika raga, au dancehall kama wenyewe wa Jamaika wanavyoiita, yalipunguzwa kwa ajili ya wateja wa London, Miami na Toronto. Sisi pia ni wateja, tena wa siku nyingi, na hatujadai chochote.

Yuko atakayeuliza kama muziki wa Jamaika unatuhusu kiasi hicho. Unatuhusu. Mnaijua ile picha ya Desemba 1963, Field Marshal Musa Mwariama wa Mau Mau akiwa na Jomo Kenyatta baada ya kutoka katika misitu ya Meru, nywele ndefu za Mwariama zimesokotana. Wako wataalamu wanaosema kwamba picha za wapiganaji wa Mau Mau zilichangia mtindo wa nywele za Marasta, na wako wanaolipinga hilo. Kwa vyovyote vile, kijana wa Tigania anapomwona Rasta hamwoni mgeni. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urasta ni dini yenye ulinzi wa Katiba, na kwamba msichana Mrasta hakupaswa kufukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Na Februari 2020, msafara wa BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, ulipofika uwanja wa Kinoru mjini Meru, rege ilikuwa tayari imegeuzwa kauli mbiu ya kisiasa na watu ambao miaka ya nyuma wangeiita kelele za wahuni. Muziki huu ni wetu kwa kuuishi. Kwa hiyo mabaya yake nayo ni yetu.

Sasa tutazame soko lilivyofanya kazi yake.

Shabba Ranks ndiye mwimbaji wa raga aliyefungua mlango mkubwa, akapata tuzo ya Grammy mwaka 1992 na nyingine 1993. Desemba 1992, katika kipindi cha The Word cha televisheni ya Uingereza, aliulizwa kuhusu wimbo wa Buju. Akautetea, Biblia ikiwa kinga yake. Mtangazaji Mark Lamarr alimkemea papo hapo. Mwaka uliofuata akaondolewa katika kipindi kikubwa cha usiku cha Marekani, na safari yake ya kuwa nyota wa dunia ikapunguza kasi. Buju mwenyewe alitia saini mkataba na kampuni kubwa ya Mercury mwaka 1993, akageukia Urasta, na mwaka 1995 akatoa 'Til Shiloh, albamu ambayo wengi wetu tumeitegemea nyakati ngumu. Wimbo wa ujana wake ulimfuata kila alikokwenda.

Mwaka 2004 ndio uliobadilisha hesabu. Juni mwaka huo, Brian Williamson, mmoja wa waanzilishi wa J-FLAG, shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja Jamaika, aliuawa nyumbani kwake Kingston. Wanaharakati wa Uingereza, Peter Tatchell na kundi lake la OutRage! wakiwa mbele, walishirikiana na Wajamaika kuandamana nje ya kumbi na kuwabana wafadhili. Agosti, Beenie Man akaondolewa katika tamasha la MTV kule Miami. Septemba, Elephant Man na Vybz Kartel wakaenguliwa katika tuzo za MOBO. Maonyesho ya Ulaya yalifutwa moja baada ya jingine, na fedha zikaenda nayo.

Hapo ndipo ulipozaliwa mkataba wa mwaka 2007 ulioitwa Reggae Compassionate Act. Ilitangazwa kwamba Beenie Man, Sizzla na Capleton wametia saini na kuahidi kutoimba tena nyimbo za chuki dhidi ya watu wa jinsia au mapenzi yoyote. Ulaya ikapumua. Lakini habari ilipofika Jamaika, Beenie Man alikana kwamba amesaini kitu. Hapa naomba tutulie kidogo, maana kiini cha mhadhara huu kipo hapa. Mtu mmoja, saini moja, wasikilizaji wawili. Wale wa nje walipewa ahadi. Wale wa nyumbani walipewa kanusho, kwa sababu alijua nyumbani ahadi hiyo ingemgharimu. Alikuwa na hakika kwamba mteja wa nyumbani anataka maneno yaleyale. Na sisi Waafrika Mashariki, katika hesabu hizo, tuliwekwa upande wa nyumbani bila kuulizwa.

Wanasiasa wa Jamaika nao walifanya hesabu kama hiyo. Mwaka 2001 chama cha upinzani, JLP, kilitumia "Chi Chi Man" ya T.O.K. katika kampeni, wimbo unaotaka wapenzi wa jinsia moja wachomwe moto. Waziri Mkuu P.J. Patterson akalazimika kueleza redioni kwamba yeye ni mwanamume anayependa wanawake. Wimbo wa dansi ulimlazimisha kiongozi wa nchi ajieleze kuhusu mambo ya chumbani.

Kwetu, mfano ulio karibu zaidi ni Kampala. Kabla ya kuwa mwanasiasa, Bobi Wine alikuwa nyota wa raga, Rais wa Ghetto, na baadhi ya maneno yake dhidi ya wapenzi wa jinsia moja yalikuwa makali kama ya Kingston. Mwaka 2014 alitarajiwa kuimba Uingereza. Wanaharakati wakapiga kelele, kumbi za The Drum ya Birmingham na Troxy ya London zikafuta maonyesho, na serikali ikamnyima viza. Alipoingia siasa, akachaguliwa mbunge wa Kyadondo Mashariki mwaka 2017 na kuanza kusikilizwa Washington na London, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtazamo wake umebadilika. Namheshimu mtu anayebadilika. Lakini wakati huohuo sheria ya Uganda ilizidi kuwa kali, hadi ile ya Mei 2023 yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Wasikilizaji waliompigia makofi zamani walibaki walipokuwa.

Watu wa Meru wanaukumbuka mwaka huo wa 2014 kwa jambo jingine. Juni, Uingereza ilipiga marufuku miraa. Mkulima wa Igembe aliyekuwa akipeleka mzigo Heathrow alibaki nao shambani, na tangu hapo mwenye miraa ameishi kwa kuitazama Somalia, iliyofunga mlango Machi 2020 na kuufungua Julai 2022. Kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha Mmeru maana ya soko la mbali kukuamulia. Naelewa kabisa kwa nini wengi hapa, wakisikia kwamba Mwingereza amemzuia mwimbaji, huona ni ubabe uleule.

Lakini tuwe waangalifu na hoja hiyo. Sheria inayowafunga wapenzi wa jinsia moja ndiyo iliyotoka Uingereza. Jamaika ilitungiwa yake mwaka 1864 chini ya mkoloni, ikiwa na adhabu ya hadi miaka 10 pamoja na kazi ngumu. Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni urithi wa sheria za ukoloni, na Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta. Jaji Mwita alikuwa mmoja wao, miezi minne tu kabla ya kumlinda yule msichana Mrasta. Kisha Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 3 dhidi ya 2, kwamba kukataa kusajili shirika la kutetea watu hawa kulikuwa ubaguzi. Mabishano hayo yataendelea, na sitayamaliza mimi.

Ninachokisema ni chembamba zaidi, na nakisema nikijua niko katika nchi ya Wamethodisti wa Kaaga, Waanglikana wa Kigari, Wakatoliki na Wapresbiteri. Sijaja kumwomba mchungaji yeyote abadilishe fundisho lake kuhusu ndoa. Namuuliza kuhusu amri ya kutoua tu. Wimbo unaoomba mtu apigwe risasi au achomwe hauwezi kupata hifadhi katika Biblia inayokataza kuua, hata Shabba Ranks angeshikilia vipi.

Tusijidanganye pia kwamba ni maneno ya dansi tu. Kenya imekwisha kukataa udhuru huo. Mwaka 2012, kwa hatua ya Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, wanamuziki watatu wa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa madai ya kueneza chuki ya kikabila katika nyimbo zao. Kifungu cha 33 cha Katiba kinasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wa ghasia. Na kule Arusha, Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 gerezani, Desemba 2008. Hukumu hiyo inafaa kusomwa kwa makini. Hakufungwa kwa nyimbo zake. Alifungwa kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa katika msafara wa magari barabarani, Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Ninapolisikia gari likipita Runyenjes na wimbo wa risasi, huikumbuka hukumu hiyo.

Hata hivyo marufuku si jibu ninaloliamini. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wasichana wakajikata wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana. Mwanahistoria Lynn Thomas anaeleza kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa. Amri ya kutoka juu ilikigeuza kitendo kuwa ushujaa. Vijana wa leo si tofauti. Isitoshe, wenye kalamu ya kufungia hukosea mara nyingi: mwaka 2016 bodi ya filamu ya Kenya ilihangaika kuiondoa video ya "Same Love" ya kundi la Art Attack. Huo ulikuwa wimbo wa kuwatetea watu. Ule wa kuwapiga risasi ulikuwa na zaidi ya miaka 20 duniani.

Sisi wenyewe tuna utamaduni wa kuimba kwa ukali. Kirarire ya jandoni, kwa Waembu, Wambeere na majirani zetu, huchokoza, hutukana, humkejeli anayeonekana hajawa mwanamume kamili. Kijana aliyekulia humo anaielewa raga haraka: shindano la maneno, kujigamba, kumdunisha asiyelingana nawe. Lakini kirarire ina mahali pake na wazee wake, na mwimbaji anawajua anaowaimbia. Miksi ya matatu haina mzee. Abiria wa kiti cha nyuma, mwanafunzi wa chuo hiki labda, anaposikia kifo chake kikishangiliwa na gari zima, hawezi kuteremka wala kujibu kwa ubeti wake.

Na muziki wenyewe haupotezi kitu. Sean Paul alifika kileleni mwa chati ya Marekani mwaka 2003 kwa "Get Busy", wimbo wa kucheza tu. Wyre wetu alimwita Alaine wa Jamaika wakaimba "Nakupenda Pia", na hakuna aliyelalamika kwamba raga imepungua. Redsan na Nazizi walijenga majina yao kwa mapenzi na mbwembwe.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu mahususi. Dijei anayepanga miksi mpya ana uwezo ambao Buju hakuwa nao: anaweza kuuacha wimbo huo nje, kama mwenyewe alivyotaka. Watangazaji wa redio zetu za Kimeru na Kiembu wanajua kila mstari wanaoucheza. Maneno ya nyimbo siku hizi yako kwenye simu ya kila mtu, na udhuru wa kutokielewa Kipatwa, lugha ya Wajamaika, umekwisha. Wamiliki wa matatu tayari huwapa madereva masharti kuhusu mafuta na hesabu ya jioni; wanaweza kuongeza moja kuhusu muziki. Na mapromota wanaowaleta waimbaji wa Jamaika Kenya hutia saini mikataba yenye vifungu vya hoteli, tiketi za ndege na malipo ya awali. Kifungu kimoja zaidi, kinachosema hakutaimbwa wito wa kuua mtu yeyote katika jukwaa hili, kinachukua mistari miwili. Kiandikwe katika mkataba wa tamasha la Nairobi, na kiandikwe vilevile kwa onyesho dogo la Kinoru au la Uwanja wa Moi hapa Embu, mwimbaji akisoma na kutia saini akijua kwamba safari hii anayemwekea sharti ni msikilizaji wa nyumbani.