Tusiulize tu kama wana chama, tuulize wana nini

Vijana wenzetu wa Lemera, nanyi mliopanda toka Uvira na bonde la Ruzizi,

Tuanze na swali: majina yetu, namba zetu, mipango ya maandamano yetu, tumewekesha kwa nani? Wengi mutajibu: "Ile kampuni ni ya kuaminika, haina upande."

Proton ya Uswisi inauza barua pepe za siri. Desemba 2024 mkubwa wake, Andy Yen, aliandika kwenye X kusifu uteuzi mmoja wa Trump, akasema siku hizi chama cha Republican njo kinatetea wadogo. Watumiaji wengi wakakasirika. Tunawaelewa: anayeshika siri za watu, mdomo wake uwe mzito.

Lakini tazama 2021. Kwa amri ya wakubwa wa Uswisi, baada ya ombi la polisi ya Ufaransa, Proton hiyohiyo ilitoa adresi ya intaneti ya mwanaharakati wa mazingira. Apana siasa hapo. Ilikuwa sheria. Maneno ndani ya barua zake hayakutoka, sababu kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma.

Na Signal? Mwaka 2016 korti ya Marekani iliitaka habari za mtumiaji. Ilikuwa na siku ya kufungua akaunti na siku ya mwisho ya kuingia, basi. Hakikuwepo kingine cha kutoa.

Kwetu, 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, koneksyo ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Makampuni ya simu hayakuwa na chama. Yaliamriwa, yakazima.

Na sisi wa Lemera, tunajua zaidi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali yetu ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, pamoja na wauguzi. Hospitali haina upande, na hilo halikufunga mlango.

Kwa hiyo tusitegemee tabia nzuri ya mkubwa fulani wa mbali. Tukubaliane leo:

Ujumbe ujifute wenyewe kisha siku moja. Majina yasikae pamoja kwenye liste moja. Telefone iwe na kode. Na ku bariyeri, mwenye bunduki akisema "fungua," asikute jina la mwenzako.

Siri ambayo haiko, hakuna wa kuitoa. Tulindane. Mapambano yetu, bila jeuri, yanaendelea.