Tuung'oe Mathenge Ungali Mche

Ndugu wanachama, na ninyi wazee wetu mliotembea tangu alfajiri kuja kutusikiliza,

Leo hatukuja kuzungumza habari za kadi wala za uchaguzi. Tumekuja kuzungumza habari za mti. Huenda wako watakaosema vijana hawa wa chama wamekosa la kusema. Na wacheke, lakini wachungaji wa Baringo hawacheki tena.

Mti wenyewe ndio huu uitwao mathenge. Asili yake ni Amerika. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, ulipandwa mwaka 1973 ili kufunika machimbo ya mawe. Miaka ya mwanzo ya 1980 ukapelekwa Baringo, katika mradi wa kuni wa Serikali uliosaidiwa na shirika la FAO. Nia ilikuwa njema: ardhi tupu, vumbi tele, na akina mama wakienda mbali kutafuta kuni. Tena tuseme haki, kuni ulitoa, na makaa yake ni mazuri. Lakini hakuna aliyewekwa kuuchunga. Wataalamu waliopima wamekuta kwamba mwaka 1988 ulikuwa umeshika hektari zisizofika 900 huko Baringo. Ilipofika 2016 ulishika zaidi ya 18,000. Malisho ya Wailchamus yakageuka kichaka cha miiba. Mwaka 2006 waliishtaki Serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno, wakisema maganda matamu ya mti huo ndiyo yaliyoyaozesha. Mwaka 2008 Serikali ikautangaza kuwa gugu baharibifu. Robo ya karne ilikwisha pita!

Mtauliza, unaeneaje? Mti hauna miguu, bali una mbuzi. Mbuzi hula ganda kwa utamu wake. Mbegu ni ngumu, haisagiki tumboni, hutoka na mavi ikiwa tayari kuota, na mbolea yake juu. Mvua ikinyesha, maji huichukua makorongoni. Basi hatuna haja ya kuzunguka nyika nzima. Tutazame mazizi yaliyohamwa, visima, mapito ya mifugo, kingo za makorongo, na pale kando ya barabara malori ya mbuzi yanaposimama.

Wengine husema hawawezi kuupambanua na mgunga. Ni kweli, majani ni madogo madogo, na miiba ipo. Hapo kiangazi ndicho mwalimu. Vichaka vyote vikipukutisha majani, kitakachobaki kibichi mahali pasipo maji, usikipite; inama ukitazame. Hata wataalamu wanaoutafuta kwa picha za setilaiti hutumia ujanja huo huo. Lakini setilaiti huona kichaka, na sisi twataka mche wa shubiri moja. Huo atauona mtoto anayechunga. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto akionyeshwa kitu kwa macho na mkono hakisahau.

Mche wa wiki chache hung'oka kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu. Ukichelewa, mzizi umekwisha kwenda chini, na kuukata juu ni kuupogoa tu: palipokuwa na shina moja patachipua mengi. Hapana budi uchimbwe, shina likatwe chini ya ardhi. Kisha mahali hapo parudiwe kila msimu, maana mbegu hulala udongoni miaka.

Mbuzi wanaonunuliwa kutoka nchi yenye mathenge wafungwe zizini siku kadhaa kabla ya kuachiliwa malishoni, na mavi yao yachomwe. Hili litaleta manung'uniko, twajua. Mbuzi aliyefungwa hukatiwa majani, nayo ni kazi. Hata katika kamati yetu tulibishana jioni mbili.

Tena, auonaye kwake asiufiche. Wako wanaoogopa kwamba wakisema watatozwa faini au watanyang'anywa ardhi. Chama hakitamtaja mtu kwa ubaya kwa sababu mche umeota zizini mwake. Mbegu haikumwomba ruhusa.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tukutane kisimani. Mwenye jembe aje nalo, na mwenye viatu avae, kwani miiba ile hupenya kandambili. Bwana Shamba ameahidi kuleta kijiti cha mathenge kisicho na ganda. Watoto wachungaji wasimame mbele, wakishike.