Daftari la Masafa ya Simu ya Upepo

Maongezi yetu ya leo ni habari za daftari. Msidhani ya kwamba daftari ni kazi ya makarani peke yao. Liko daftari ambalo kosa moja ndani yake laweza kumpotezea mtu uhai.

Mnajua ya kuwa askari polisi, watu wa zimamoto na walinzi wa Hifadhi ya Katavi husemezana kwa simu ya upepo. Sauti hupita hewani kwa njia yake, na njia hiyo huitwa masafa, nayo huhesabiwa kwa megahezi. Ukinena katika masafa haya, na mwenzako akasikiliza katika mengine, mmekuwa kama watu wawili wangojeanao, mmoja kivukoni na mmoja sokoni. Wote wawili ni waaminifu, wala hawataonana.

Kwa sababu hiyo masafa hugawanywa kwa sheria. Ulimwenguni kazi hiyo husimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ulioanzishwa mwaka 1865. Katika Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Lakini yaliyogawanywa jana huweza kubadilishwa leo. Sikilizeni mfano mmoja. Kwa miaka mingi chombo cha hatari cha ndege iliyoanguka kilitoa mlio katika megahezi 121.5, na setilaiti zikausikia toka juu. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kuusikiliza mlio huo, zikabaki na megahezi 406. Ndege zipitazo husikiliza 121.5 hata sasa, lakini juu ya pori kubwa huenda zikapita chache. Basi rubani aliyebaki na chombo cha kale hakuharibikiwa na kitu. Chombo kilikuwa kizima, na mlio ulitoka vema. Ila wale aliowategemea walikuwa wamekwisha hama.

Tena kila chombo cha megahezi 406 hutoa namba yake, na waokoaji huitafuta katika daftari wapate kumjua mwenyewe na jamaa wa kuulizwa. Mtu akiuza ndege yake asiseme, waokoaji watampigia simu mtu aliyelala salama nyumbani, na huku dakika zinapita.

Mambo haya si ya mbali. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Zamani Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa. Daftari ambalo halikufanywa upya tangu siku zile litampeleka msomaji Sumbawanga kutafuta msaada wa mkoa, na msaada wenyewe uko Mpanda.

Basi mwenye kutunza daftari na ashike mambo manne. Kwanza, kila mstari uwe na jina la kituo, masafa yake, tarehe ya kuhakikishwa, na jina la aliyehakikisha. Pili, asinakili kutoka kitabu cha kale. Amwulize mwenye kituo. Tatu, akipata habari mpya, aikate ya zamani kwa mstari mmoja, isomeke bado, lakini isitumike. Nne, iwekwe siku maalumu ya kujaribu, kituo kiitwe na jibu lisikiwe, kwa maana maandishi mazuri si ushahidi kwamba yuko mtu upande wa pili.

Na wewe usiye na simu ya upepo, unalo daftari lako: namba 114 ya zimamoto, 112 ya polisi, na namba ya mtendaji wako. Mtendaji akihamishwa, namba ibadilishwe siku ile ile. Wanafunzi, kazi hiyo yawafaa ninyi mjuao kuandika. Waandikieni wazee nyumbani.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwaherini.